TOFU NA KARANGA: KIPI KINAJENGA MWILI ZAIDI?

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi na darasa la kisomo cha watu wazima, mbele ya ghala la ushirika. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)

Ndugu wanakisomo, ndugu wanaushirika,

Juma lililopita mama mmoja wa darasa letu aliuliza swali. Binti yake aliyeko Dar es Salaam amemwambia kwamba huko mjini kinauzwa chakula kinachoitwa tofu, na kwamba chakula hicho kinazishinda karanga zetu kwa mbali. Mama akasema, "Katibu, ni kweli hayo?" Siku ile sikujibu. Niliomba muda nikaulize na kusoma. Leo nimekuja na jibu.

Kwanza, tofu ni kitu gani? Msishtuke, ndugu zangu. Tofu ni soya! Ni soya hii hii tunayoishona kwenye magunia. Wachina ndio walioanza kuitengeneza tangu zamani sana. Soya hulowekwa, husagwa na maji, huchemshwa na kuchujwa, yakapatikana maziwa. Maziwa hayo hugandishwa, hata kwa maji ya limau, kisha hukamuliwa yakawa kama jibini. Basi mtoto wetu mjini ananunua kwa fedha kitu ambacho mama yake anacho ghalani.

Sasa tuje kwenye hesabu. Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Mafuta yanatia nguvu. Tazameni ubaoni, kila chakula kimepimwa gramu 100:

Tofu laini: protini gramu 8, mafuta gramu 5.
Karanga: protini gramu 26, mafuta gramu 49.
Soya kavu: protini gramu 36, mafuta gramu 20.

Hesabu hizi ni za makadirio, maana mbegu hazilingani. Mtu akitazama haraka atasema tofu imeshindwa vibaya. Lakini hebu tufikiri, ndiyo maana tunasoma. Katika gramu 100 za tofu laini, zaidi ya gramu 80 ni maji. Karanga ni kavu. Ukipima kitu cha maji na kitu kikavu, mizani haisemi uongo, lakini wewe unaweza kujidanganya. Tena hakuna anayekula karanga kama anavyokula ugali. Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, ina protini gramu 8 hivi. Kumbe konzi moja ya karanga na kipande kile cha tofu ni sawasawa kwa kujenga mwili. Ila karanga zinatia nguvu zaidi ya mara mbili, kwa sababu ya mafuta yake.

Je, basi karanga zimeshinda? Bado. Protini nazo hazifanani. Sisi chakula chetu ni mahindi, na protini ya mahindi ina upungufu wake. Kile kinachokosekana katika mahindi, soya inacho kwa wingi. Karanga inacho kidogo. Kwa hiyo mtoto anayekula uji wa mahindi, soya inamkamilishia kilichopungua, na karanga zinamwongezea nguvu. Hapa hakuna mshindi, ndugu. Ni kama jembe na panga: ukiuliza kipi bora, nitakuuliza unakwenda kufanya kazi gani.

Sasa nina neno zito. Mwaka juzi mjukuu wangu alipelekwa zahanati, uzito wake ulikuwa umesimama miezi mitatu. Miguu imeanza kuvimba. Muuguzi akaniuliza, "Mzee, nyumbani mnalima nini?" Nikajibu kwa fahari, "Karanga na soya." Akaniuliza, "Na mtoto anakula nini?" Nikanyamaza. Mtoto alikuwa anakula uji mweupe. Karanga zote na soya yote nilikuwa nimeuza, na mimi ndiye Katibu! Mtoto amepona, lakini swali lile sijalisahau.

Wazee mnakumbuka mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana. Walifundishwa kwamba unyafuzi si kurogwa, ni mtoto kukosa chakula kinachofaa. Imekuwaje leo tunavuna mengi zaidi na kutia mdomoni kidogo?

Kwa hiyo naleta pendekezo kwenye mkutano mkuu wa ushirika: kila nyumba yenye mtoto mdogo itenge debe moja la soya na debe moja la karanga KABLA ya kupeleka mzigo kwenye mizani. Debe la soya ni kama kilo 15. Watoto wawili wakipewa gramu 25 kila mmoja kwa siku, debe hilo linafika siku 300. Mavuno mengine yanakuwa yamekaribia. Fedha za debe moja hazitupeleki mbali. Fedha za kumtibu mtoto zinakwenda mbali zaidi.

Namna ya kutumia ni hii:

1. Soya mbichi isiliwe. Ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ichemsheni dakika 30, ianikeni mpaka ikauke, ikaangeni kidogo, ndipo msage.

2. Unga wa uji: dona vikombe vitatu, unga wa soya kikombe kimoja. Uji upikwe uive sawasawa.

3. Karanga zitwangwe laini na kutiwa katika uji au mboga. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zitamkaba. Akiwa hajawahi kuzila, aanze na kidogo sana. Akivimba midomo au kutoka vipele, acheni mara moja na mumwahishe zahanati.

4. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, iliyokuwa katika mahindi. Karanga nazo zinashikwa sana. Zikausheni vizuri, zisilale chini kwenye udongo.

Na wewe mama uliyeuliza, mwambie binti yako hivi: tofu ni nzuri, ale tu. Lakini akija likizo, atatukuta tunaijua, na mbegu yake iko kwetu.

Mkutano ni Jumamosi asubuhi. Kina baba msiwaachie kina mama peke yao. Debe linatoka kwenye gunia lako, lazima uwepo ukikubali.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Tawi