Ada ya Lango na Ufuo Uliofungwa

Mjadala kuhusu ada mpya za kuingia katika hifadhi za taifa, ambazo serikali ya Kenya ilizitangaza mwaka 2025 baada ya viwango vya awali kudumu kwa takriban miaka 18, umejikita katika hesabu ya shilingi, na wasikilizaji wameusikia vya kutosha. Kinachokitia wasiwasi kituo hiki ni kwamba anayelizunguka Ziwa Naivasha kwa baiskeli hulipa ada katika lango la Hifadhi ya Hell's Gate, kisha akitoka humo na kuishika barabara ya kusini mwa ziwa, husafiri mwendo mrefu kando ya maji asiyoyaona, kwa sababu ufuo umefungwa.

Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984 na yenye eneo la kilomita za mraba 68 hivi, ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli bila kuandamana na gari, kwa kuwa simba na ndovu hawana makazi ya kudumu humo. Mwendeshaji hupita baina ya kuta za miamba, akiliacha nyuma jabali refu liitwalo Mnara wa Fischer, huku pundamilia, twiga, pofu na ngiri wakila majani karibu na njia, na mbogo, ambaye sharti apewe nafasi yake, akiwa amesimama penye vichaka. Ni vigumu kutaja mahali pengine katika Bonde la Ufa ambapo mwananchi asiye na gari anaweza kuwakaribia wanyamapori kwa kiasi hicho, na hilo pekee linatosha kuifanya njia hiyo kuwa hazina. Hata mabomba ya jotoardhi, yaani yale yanayopeleka mvuke kutoka chini ya ardhi hadi mitambo ya umeme ya Olkaria, iliyoanza kazi mwaka 1981, yameinuliwa mahali kadhaa ili twiga apite chini yake. Ikiwa mhandisi wa mvuke aliweza kumkumbuka twiga, mwenye ua wa ufuoni ameshindwaje?

Nje ya lango, ufuo umefungwa. Isipokuwa sehemu chache za umma kama Karagita na Kamere, ambako wavuvi huegesha mashua zao, upande wa ziwa umejaa nyua za mashamba ya maua, hoteli na makazi ya watu binafsi. Wanyama wanaoshuka kutoka hifadhini kutafuta maji huhitaji ushoroba, yaani ukanda wa ardhi ulioachwa wazi ili waweze kuhama kutoka makazini hadi malishoni au majini, lakini njia hizo zimebanwa na nyua zile zile zinazomzuia mwendeshaji baiskeli. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inayaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma. Tangu 1995 Naivasha imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni makubaliano ya kimataifa ya kuhifadhi ardhioevu. Ziwa ni la umma, sheria yasema hivyo, na bado ufuo umefungwa.

Wala jambo hili si la watalii peke yao. Wafanyakazi wa mashamba ya maua huitumia barabara ya kusini mwa ziwa kwa baiskeli wakienda zamu na kurudi, wakibanwa ukingoni na malori, na vijana wanaokodisha baiskeli karibu na hifadhi hutegemea mgeni ambaye, ada ikipanda na ufuo ukiendelea kufungwa, atakuwa na sababu moja zaidi ya kutokuja. Maji yalipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2025, yakaingia katika mtaa wa Kihoto na kuwasogeza viboko karibu na makazi ya watu, ilidhihirika kwamba ziwa linahitaji nafasi ya kupumua, nafasi ambayo nyua na majengo yameitwaa.

Basi serikali ya Kaunti ya Nakuru na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, zisingoje mjadala wa ada uishe. Na zipime mpaka wa ufuo na kuuweka hadharani! Na zifungue shoroba, kisha zitenge njia ya baiskeli kandokando ya barabara nzima inayolizunguka ziwa! Wenye mashamba na wasogeze nyua zao bila kusubiri amri ya mahakama. Nanyi wakazi wa Naivasha, mnaolipa kodi na mnaoishi na viboko mlangoni, nendeni katika vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, simameni, ulizeni kwa sauti ufuo umefungwa kwa idhini ya nani, na msikubali kuketi kabla jibu halijaandikwa katika kumbukumbu za kikao.