Mkono Hujifunza kwa Kazi: Mazungumzo kuhusu Utengamao Baada ya Kiharusi



Kiharusi huharibu sehemu ya ubongo inayoamuru viungo. Mkono wenyewe haujafa. Kukanda misuli kwaweza kumpa mgonjwa faraja, lakini hakuufundishi ubongo kushika kikombe. Ubongo hujifunza kile kinachotendwa: anayetaka kwenda msalani mwenyewe na afanye mazoezi ya kuinuka kitini.

Misingi ni minne. Kazi iwe ile anayoihitaji mgonjwa. Irudiwe mara nyingi, kila siku, kwa mapumziko. Ianze nyepesi, kisha iongezwe ugumu: kikombe kitupu kwanza, halafu chenye maji kidogo, kiti cha juu kwanza, halafu cha chini. Na mgonjwa aelezwe papo hapo alipofaulu na alipokosea.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kupanga kiwango cha kuanzia. Nyumbani, msaidizi asimame upande uliodhoofika, wala asimvute mgonjwa kwa mkono huo, kwa maana bega lake huumia upesi.

Kumvalisha shati mgonjwa awezaye kujaribu ni huruma inayomnyima mazoezi. Apewe muda, ajaribu kwanza. Asaidiwe pale anaposhindwa.