Kutembea na Kula: Ziara za Siku Moja katika Miji ya Jinja na Mbale

(Mada iliyowasilishwa kwenye warsha ya waongoza wageni, wapishi na wenye maduka)



Mgeni anayefika Jinja leo anauziwa maji. Anayefika Mbale anauziwa mlima. Mji wenyewe anaupita akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, na chakula chake kimefungwa kwenye kiboksi tangu Kampala. Naamini tunapoteza mengi kwa namna hiyo, na leo nataka kutetea ziara ya aina nyingine: siku moja, kwa miguu, ikiongozwa na mwenyeji anayeujua mtaa nyumba kwa nyumba, na mlo uliopikwa na mtu wa mji huo huo.

Nianze na maji, kwa kuwa maji ndiyo yaliyotufundisha. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika mahali ambapo Nile inatoka ziwani, akayapa maporomoko jina la bwana mkubwa wa Uingereza, Lord Ripon. Wasoga na Waganda walikuwa wakivuka na kuvua pale karne nyingi kabla yake. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, Ripon yakazama. Tukahamisha wageni hadi Bujagali, kilomita chache kufuata mto, mahali ambapo Wasoga wanaheshimu mzimu wa Budhagali. Mwishoni mwa 2011 Bujagali nayo ikaanza kuzama chini ya bwawa jingine. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, na wenzetu wa rafti wakapoteza sehemu nyingine ya mto. Sipingi umeme, nyumbani kwangu taa inawaka kwa nguvu ya maji hayo. Ninachosema ni kwamba riziki iliyotegemea maporomoko peke yake imehamishwa tena na tena, na kila mara wa kwanza kuumia ni kijana anayeongoza wageni na mama anayewachomea samaki.

Jinja: soma kuta

Main Street bado ipo. Nenda pale saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, usimame upande wa pili wa barabara na umwambie mgeni anyanyue macho. Chini ataona duka la simu, duka la dawa na fundi cherehani barazani. Juu, kwenye ukuta wa mbele unaoficha paa, ataona jina la familia ya Kihindi na mwaka wa kujengwa, vimefinyangwa kwa saruji. Nyingi ya nyumba hizo ni za miaka ya 1920 na 1930 na baadaye kidogo. Baraza lina nguzo ili mteja asinyeshewe. Duka liko mbele, familia ililala nyuma au juu, na katikati kuna ua wa kupikia na kuanikia. Mgeni akishaelewa mpango wa nyumba moja, ataisoma barabara nzima mwenyewe.

Lakini nyumba hizo zilijengwa kwa fedha gani? Hapa mwongozaji hana budi kueleza pamba. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilikamilika mwaka 1912 ili kuchukua pamba iliyoletwa kwa meli kupitia ziwa Kyoga. Pamba ilileta vinu vya kuchambulia, vinu vikaleta maduka. Kando ya mji, Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira mwaka 1930. Baada ya bwawa kukaja viwanda vya nguo, na Jinja ikawa mji wa viwanda wa nchi nzima. Watu walitoka pande zote kuja kufanya kazi, wakapanga mtaa wa Walukuba, na Kiswahili kikawa lugha ya geti la kiwanda.

Kisha inakuja 1972. Nimewasikia waongozaji wakiiruka kwa kuhofia siasa. Tusiiruke. Mwezi Agosti mwaka huo, akiwa Tororo, umbali mfupi tu kutoka Mbale, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Nyumba zile zenye majina ya saruji zikagawiwa, nyingine zikaachwa zivuje. Miaka ya baadaye baadhi ya wenyewe walirudi wakadai mali yao. Wengine hawakurudi kamwe. Mgeni anapoona jina la Kigujarati juu na muuza mitumba wa Kisoga chini, ameiona historia hiyo kwa macho, na atauliza. Mjibu kwa utulivu, bila kumtukana Mhindi na bila kumfuta Msoga, ambaye naye alilima pamba ile kwa bei aliyopangiwa na wengine. Huo ndio ustadi wa kazi yetu, na ndio unaomfanya mgeni alipe kwa moyo mweupe.

Kutoka Main Street mnateremka kuelekea mtoni. Kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral, kwa kumbukumbu ya sehemu ya majivu yake iliyomwagwa Nile mwaka 1948. Wahindi wengi huja Jinja kwa ajili ya mahali hapo tu, wakapiga picha na kuondoka. Hao ndio wateja wa kwanza wa matembezi ya Main Street: walioijenga ni jamaa zao, na hakuna anayewaeleza.

Mbale: mji wenye waanzilishi wengi

Mbale ni ngumu kuieleza kuliko Jinja, na kwa sababu hiyo naipenda zaidi. Mji uko miguuni mwa genge la Wanale, na nyuma yake mlima Masaba, au Elgon kama wengi wanavyouita, unapanda hadi mita 4,321 kwenye kilele cha Wagagai. Ukisimama kwenye mnara wa saa unaona genge lote limesimama kama ukuta juu ya maduka ya Naboa Road. Mvua ikinyesha, maji yanadondoka kutoka juu kwa nyuzi nyeupe ambazo mtu huziona akiwa anakunywa chai.

Swali la nani aliuanzisha mji linataka uangalifu. Vitabu vinamtaja Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza katika kuiteka mashariki, akaja kutulia hapa mwanzoni mwa karne ya 20, akachora barabara na kupanda miti. Mgisu, mwenyeji wa mlima huu, ana upande wake wa habari hiyo: barabara zile zilichimbwa na mikono ya babu zake, na machifu wa kigeni ndio waliosimamia kodi. Pande zote mbili ni kweli, na mgeni ana haki ya kuzisikia zote. Wakati huo huo Mbale ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu kwenda Karamoja, na wafanyabiashara Waswahili walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Kiswahili tunachozungumza sokoni kilifika kwa miguu.

Kakungulu huyo huyo alikorofishana na Waingereza, akaacha ukubwa, na mwaka 1919 akaifuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Alifariki mwaka 1928. Jamii aliyoiacha, Abayudaya, bado ipo kwenye kilima cha Nabugoye, mwendo mfupi wa boda kutoka mjini. Chini ya Amin walikatazwa kuabudu. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 wakajikusanya upya, na mwaka 2016 wakafungua sinagogi jipya. Upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, na makanisa makuu. Kwa siku moja, mgeni anaweza kusalimiana na dini tatu bila kupanda basi. Ila msimpeleke Nabugoye siku ya Jumamosi na kamera mkononi: hiyo ni Sabato, na wenyewe hawapigwi picha wala hawafanyi biashara. Vivyo hivyo imbalu, tohara ya Wagisu. Ufunguzi pale Mutoto, mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, ni hadhara ya watu wote, na ngoma ya kadodi inamkaribisha kila mtu. Lakini uani kwa familia, kijana anaposimama mbele ya kisu, ni kwa waalikwa. Mwongozaji anayeuza tiketi za hapo anatuvunjia heshima sote.

Sahani

Ukitaka kujua namna ya kupanga siku ya mgeni Mbale, anza na malewa. Ni machipukizi ya mianzi yanayokatwa juu mlimani wakati wa mvua, yakakaushwa kwa moshi juu ya moto hadi yawe ya kahawia na magumu. Sokoni yanauzwa kwa mafungu, na harufu yake ya moshi unaipata kabla hujayaona. Huwezi kuyapika mgeni akiwa ameshakaa mezani. Yanataka kulowekwa, kuchemshwa mpaka yalainike, kukatwakatwa, kisha kutiwa karanga zilizosagwa na kuachwa kwenye moto mdogo huku yakikorogwa. Karanga zikiungua, umeharibu. Yakiiva vizuri yanakuwa na utamu mzito wa karanga na moshi, na yanaliwa kwa matoke au ugali wa wimbi. Maana yake kwa mwenye ziara ni hii: mpishi apewe taarifa na malipo ya awali siku moja kabla. Asubuhi mgeni aonyeshwe malewa makavu sokoni, ayashike. Saa saba ale yale yaliyokuwa yakichemka wakati yeye akitembea. Atakula akijua anachokula.

Kuna jambo la ukweli la kumwambia pia. Mianzi hiyo inatoka kwenye msitu ambao tangu 1993 ni hifadhi ya taifa, na uvunaji wake unafuata makubaliano kati ya vijiji na mamlaka ya wanyamapori. Kwa hiyo tununue kwa wanaovuna kwa ruhusa. Wanale na Bududa tumeona mlima ukiporomoka, na usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala iliingia ndani ya mji wa Mbale na kuua watu. Hatuwezi kulisha wageni kwa kuuvua mlima nguo zake.

Baada ya mlo ni kahawa. Chama cha Bugisu Cooperative Union, kilichoundwa mwaka 1954, kilikuwa fahari ya wakulima wa mlima huu, na arabika ya Bugisu inajulikana Ulaya. Bado mgeni anaweza kulala Mbale siku mbili na kuletewa kahawa ya unga ya kopo. Hilo linaniuma. Kila ziara iishie kwa mkulima au mama anayekaanga kahawa mbele ya macho, akaitwanga na kuichemsha.

Jinja mlo ni mwepesi kuupanga: sato wa kukaanga au kuchemshwa, viazi vitamu vya Busoga, dagaa katika karanga, na rolex ya asubuhi, mayai yakikunjwa ndani ya chapati pale pale barabarani. Njiani kutoka Kampala kuna Namawojjolo, kwenye mishikaki na gonja za kuchoma.

Waliotangulia

Kuna kijiji juu ya mwamba nchini Italia, Civita di Bagnoregio, kinachofikiwa kwa daraja la watu wa miguu. Mwamba wake unamomonyoka kila mwaka. Tangu 2013 kila mgeni hulipa kiingilio, na watu wamefurika kutoka Roma asubuhi na kurudi jioni. Fedha zimepatikana, ila wakazi wa kudumu ni wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Kina wageni na hakina majirani. Sisi tuna majirani tele, na ziara zetu zipangwe ili wabaki. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyozaa vuguvugu la Slow Food, linalotetea vyakula vya asili na wanaovilima, na tangu 2022 rais wa vuguvugu hilo ni Mganda, Edie Mukiibi. Kwa hiyo malewa hayahitaji kuona haya popote. Karibu zaidi nyumbani, Unguja wamefanya safari ya viungo kwa miaka mingi: mgeni anatembea shambani, ananusa karafuu na mdalasini, kisha anakaa mkekani kula wali uliopikwa kwa viungo hivyo. Ni mpango ule ule ninaouomba hapa.

Jinja na Mbale zilipandishwa kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Tangu hapo ardhi imepanda bei, na mwenye nyumba ya 1930 anaona faida ya kuibomoa ajenge ghorofa la vioo. Taasisi ya Cross-Cultural Foundation of Uganda imefanya kazi nzuri ya kuorodhesha majengo ya kale, Jinja ikiwemo, lakini orodha hailipi kodi ya jengo. Baraza likikodishwa kwa meza nne za wageni, na mwenyewe akipata fungu lake kila wiki, atafikiri mara mbili kabla ya kuita tingatinga.

Mwisho ni lugha na mteja. Tunamngoja Mzungu, wakati mgeni wetu wa karibu yuko Bungoma. Wabukusu na Wagisu ni ndugu, wana tohara inayofanana, na mpaka wa Malaba hauko mbali. Shule za magharibi ya Kenya zinaleta wanafunzi Uganda kwa mabasi, na Baraza letu la Mawaziri lilikwisha kuamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Ziara ya Main Street au ya Naboa Road kwa Kiswahili fasaha ina soko tayari. Napendekeza kabla ya kuondoka hapa tuunde makundi mawili, la Jinja na la Mbale. Kila kundi lichague barabara moja, lizungumze na wenye nyumba kumi za kwanza, na likubaliane na mpishi mmoja bei ya sahani kwa maandishi. Mpishi alipwe kwanza, mwongozaji afuate.