Kiungo Hujaribiwa Kabla ya Kutolewa

(Mazungumzo mbele ya wanachama, Vanga)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ya kuchomelea chuma, ambayo sisi watatu wa genge la njia ya reli tumejifunza katika saa zetu za mapumziko. Sisi si mafundi wa cheo. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yetu ya kila siku ni kukaza bolti, kushindilia kokoto na kubadilisha mataruma. Wengi wenu mmetuuliza: je, mtu aweza kujifunza ufundi wa pili naye yu kazini mchana kutwa? Twajibu ya kuwa aweza. Lakini liko jambo moja alijue kwanza, nasi tulilijua kwa aibu.

Hamu ilitushika kazini. Reli zilipokuwa zikiungwa, sisi tulisimama kando na makoleo tukitazama. Unga wa alumini na wa oksidi ya chuma, ambayo ni jamaa ya kutu, huwashwa ndani ya chungu, na chuma kilichoyeyuka kikamiminika katika upenyo kati ya reli mbili. Njia hiyo ilivumbuliwa na Hans Goldschmidt wa Ujerumani katika miaka ya 1890, na mwaka 1899 reli za tramu za mji wa Essen ziliungwa hivyo. Tukasema, chuma kumbe huungwa kama udongo, nasi tujifunze.

Kila Jumamosi tuliyokuwa na nafasi tulivuka Likoni, tukapanda matatu mpaka Lunga Lunga, tukateremka huku nyumbani Vanga. Tulipatana na fundi mmoja wa hapa: sisi tumkatie chuma na kumsugulia kutu, naye atupe mashine yake saa mbili jioni. Vijiti vya kuchomelea tulinunua kwa kuchanga.

Miezi miwili hatukutengeneza kitu. Tulichora mistari tu juu ya chuma chakavu. Kijiti cha milimita 2.5 chataka ampea 60 hadi 90 hivi. Ukipunguza mno, chaganda. Ukizidisha, chuma chembamba chatoboka. Juu ya mstari hubaki ganda, mfano wa ukoko wa wali, nalo hugongwa kwa nyundo ndogo. Ganda hilo latokana na dawa iliyopakwa kijiti, ambayo huilinda chuma moto isiharibiwe na hewa. Aliyeanzisha vijiti vya namna hiyo ni Oscar Kjellberg wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1900, naye shughuli yake ilikuwa kutengeneza meli na boila zake.

Mwezi wa tatu tukajiona mafundi. Mzee mmoja mvuvi alileta nanga iliyovunjika kucha. Fundi hakuwapo. Tuliichomelea wenyewe, tukaisugua, tukaipaka rangi, ikapendeza. Hatukumtoza hata senti, nasi tukajisifu kwa wema wetu. Usiku wa pili kusi lilivuma. Kucha ikang'oka, mashua ikaburutwa mpaka miambani, ubao mmoja ukapasuka. Mlikuwamo mzee na mjukuu wake. Walitoka salama kwa rehema za Mungu.

Alipotujia hakupiga kelele. Alituwekea nanga miguuni, akasema, "Wanangu, tulilala usingizi kwa kuitumaini hii."

Fundi aliitazama akatuonyesha. Juu palikuwa laini, lakini ndani ukoko ulikuwa umefungiwa, na ukingo wa kucha haukuyeyuka hata kidogo. Akasema, "Hapa mlibandika, hamkuunga."

Ndugu zetu, kosa la kiungo halitazami udogo wa chombo. Tarehe 16 Januari 1943, huko Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka katikati nayo imefungwa gatini, maji shwari. Kwanza walilaumiwa wachomeleaji. Baadaye ikadhihirika ya kuwa chuma chenyewe pia kilikuwa chepesi kuvunjika katika baridi. Kwa macho, meli ile ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo tuna sheria. Kila aina ya kiungo twaifanya kwanza juu ya chakavu, twakibana kwenye jiliwa, twakipiga nyundo mpaka kipindike au kivunjike. Kikivunjika, twatazama ndani tujue sababu. Viungo vitatu vikifuatana bila kuvunjika, ndipo tunapogusa mali ya mtu. Na kitu kinachobeba roho ya mtu, kama nanga, breki au ngazi, twampelekea fundi. Pipa lililotiwa petroli hatuligusi kabisa, hata likionekana tupu, maana mvuke uliobaki hulipuka.

La pili ni miili yetu. Mmoja wetu aliwasha kijiti bila kinyago cha kioo cheusi, akisema ni mara moja tu. Jioni hakuhisi kitu. Saa nane usiku aliamka akilia, macho kama yametiwa mchanga. Jumatatu hakwenda kazini, na mshahara wa siku ukakatwa. Kioo kiwe namba 10 au cheusi zaidi, na watoto wasisimame kutazama. Bomba au bati lenye zinki likichomwa, moshi wake huleta homa. Basi zinki iondolewe kwanza, na kazi ifanywe penye upepo, nawe usimame upande upepo unakotoka. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Tena, aliyetoka zamu ya usiku asishike mashine. Ufundi wa jioni usiharibu riziki ya mchana.

La tatu ni juu ya chama chetu. Uko mtihani wa ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Aliyejifunzia kazini aweza kuufanya. Wako wenzetu wanaojua kazi lakini hulipwa kama vibarua kwa kukosa karatasi. Twaomba chama kiwasaidie ada ya mtihani, tena kinunue vinyago viwili na jiliwa moja viwe mali ya wote. Gharama yake ni ndogo kuliko jicho la mtu.

Ubao wa ile mashua tuliulipa sisi watatu. Nanga aliichomelea fundi, nasi tulishika tu. Mzee alikaa muda mrefu bila kutuletea kitu. Mwezi uliopita alikuja na bawaba ya mlango wa banda la kuku. Tuliipokea kwa mikono miwili, tukavunja viungo vitatu vya majaribio kabla ya kuigusa.