Zege Jipya Juu ya Zege la Zamani: Udhaifu wa Mshikamano katika Sakafu za Paneli na Boriti

Mada kwa semina ya wahandisi, wakaguzi wa majengo na mafundi wasimamizi

1. Utangulizi

Waandaaji wameniomba nieleze sakafu za ghorofa zinazojengwa kwa paneli na boriti za zege zilizotengenezwa kabla: maana yake, manufaa yake na changamoto zake. Nitayagusa yote matatu, ila naomba radhi mapema kwamba muda mwingi nitautumia kwenye changamoto moja. Nimehangaika nayo miaka kumi na minne, na bado naikuta kwenye majengo mapya. Nitakayosema ni maoni yangu ya kitaalamu. Si msimamo wa taasisi ninayoitumikia, na sikusudii kumlaumu mkandarasi wala halmashauri yoyote.

2. Maana

Hili mnalijua, nitalipita haraka. Boriti ndogo zenye nondo, mara nyingi za milimita 150 kwa 150, hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, kila baada ya mita 1.2 hivi. Juu yake hulazwa paneli nyembamba za zege, ncha moja kwenye boriti hii, ncha ya pili kwenye boriti ya jirani. Hutandazwa wavu wa nondo, kisha zege la juu la milimita 50 humwagwa. Likishakomaa, boriti, paneli na zege la juu vinatakiwa kubeba mzigo kama kitu kimoja. Hilo "vinatakiwa" ndilo lililonileta hapa.

Wenzetu wa Pwani hawana sababu ya kuuona mfumo huu kuwa mgeni. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa hivyo hivyo: boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, mawe ya matumbawe juu yake, kisha tabaka la chokaa na kokoto lililopigwa kwa magongo siku nyingi mpaka likashikana. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mkoko, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Nalitaja hili kwa sababu moja: wale mafundi walijua kwamba kulaza tabaka juu ya tabaka hakutoshi. Kazi kubwa waliifanya baada ya kulaza.

3. Manufaa

Slabu ya kawaida ya milimita 150 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya paneli za milimita 50, zege la juu la milimita 50 na boriti nilizozitaja haifiki kilo 290. Chumba cha mita za mraba 20 kinapungukiwa takribani tani moja na nusu. Paneli ya urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 30 ina kilo 43, watu wawili wanaibeba bila winchi. Mbao za kalibu hazihitajiki chini ya sakafu nzima. Panabaki mistari michache ya mirunda chini ya boriti.

Mfumo wenyewe umejaribiwa. Taasisi ya utafiti wa majengo ya Roorkee nchini India iliufanyia kazi muda mrefu, na India ina kiwango chake rasmi, IS 13994 cha mwaka 1994. Addis Ababa wametumia boriti zilizotengenezwa kabla, pamoja na matofali yenye uwazi, katika mpango wao mkubwa wa nyumba za ghorofa. Sina shaka na teknolojia hii. Ningekuwa na shaka nayo nisingesumbuka.

4. Tatizo lenyewe

Chukueni mbao mbili zenye unene sawa, mzilaze moja juu ya nyingine bila msumari wala gundi, kisha mkanyage katikati. Zitapinda, lakini ukitazama kwenye ncha utaona zimepishana, kwa kuwa kila moja imeteleza juu ya mwenzake. Sasa zigundisheni. Ugumu wa kupinda unaongezeka mara nne na uwezo wa kubeba mara mbili, na hakuna mbao iliyoongezwa.

Sakafu yetu ni mbao hizo. Mhandisi anapokokotoa boriti pamoja na zege la juu, amekwisha kuamini kwamba vimegundishwa. Gundi hiyo haiuzwi dukani. Ni ukwaruzi wa uso wa zege la zamani, usafi wake, unyevu wake, na ringi zinazochomoza kwenye boriti na kuzama ndani ya zege jipya. Mambo manne, na hakuna hata moja linaloonekana tena baada ya zege kumwagwa.

Tazameni pia mahali penyewe palivyo padogo. Boriti ina upana wa milimita 150. Paneli ya kushoto inakalia milimita 45, ya kulia nazo 45. Kinachobaki ni mfereji wa milimita 60, upana wa vidole vitatu. Zege la juu linaikamata boriti kupitia mfereji huo. Na ndani ya mfereji huo ndimo vumbi la mchanga, mabaki ya mbao, vipande vya waya wa kufungia na maganda ya chakula cha mchana hufagiliwa. Nimeyatoa kwa mikono yangu.

Nianze na ukwaruzi, kwa sababu hapa tunapambana na sifa njema ya fundi. Fundi wetu amefundishwa tangu akiwa msaidizi kwamba kazi nzuri ni kazi nyororo. Akimaliza kujaza kalibu ya boriti anapitisha mwiko mara tatu, nne, mpaka uso unang'aa. Msimamizi anapita anamsifu. Wote wawili wameharibu boriti ile bila kujua. Eurocode 2 inatofautisha uso laini na uso wenye makwaruzo ya angalau milimita 3 yaliyopishana milimita 40 hivi, na thamani ya mshikamano inayoruhusiwa kwenye hesabu ni 0.20 kwa ule wa kwanza na 0.40 kwa huu wa pili. Nusu ya mshikamano inaondoka na mwiko. Brashi ngumu ikipitishwa kwa kukingama zege likiwa bado bichi ingemaliza jambo hili kwa dakika mbili.

Ringi ni kisa kingine. Zikichomoza inavyotakiwa, boriti hazipangiki vizuri kwenye gari wala stoo, kwa hiyo zinalazwa kwa nyundo. Saiti wanatakiwa kuzinyanyua tena. Wakizinyanyua baadhi zinakatika, na zinazozuia paneli kukaa sawasawa zinakatwa kwa grainda. Nimekuta boriti ya mita nne imebakiwa na ringi sita zilizosimama. Mchoro ulionyesha ishirini.

Usafi: kalibu nyingi hupakwa oili chafu ya magari ili boriti itoke kwa urahisi. Boriti zikipangwa moja juu ya nyingine, oili ya tumbo la juu inahamia mgongo wa chini. Zege halishiki oili. Kuna pia ule utando mweupe wa saruji unaopanda juu zege linapowekewa maji mengi. Ukiukwaruza kwa ukucha unatoka unga, na zege jipya likishika utando huo limeshika unga.

Unyevu ndio unaobishaniwa zaidi. Paneli iliyokaa juani Dodoma wiki tatu inafyonza maji ya zege jipya mara tu linapoigusa, na tabaka la chini linabaki kavu kabla saruji haijafanya kazi. Wanaolijua hili humwaga ndoo za maji dakika chache kabla ya zege, madimbwi yakabaki kwenye mifereji. Hilo nalo ni kosa, maana dimbwi linaongeza maji mahali pale pale tunapohitaji nguvu. Uso ulowanishwe tangu jana yake, na wakati wa kumwaga uwe umeloa bila kung'aa maji. Wengine hupaka uji wa saruji. Ukifunikwa na zege ukiwa bado mbichi hauna tatizo. Lakini uji unapakwa saa tatu asubuhi na toroli la kwanza linafika saa sita. Umekauka na kuwa ngozi, na ngozi hiyo inatenganisha.

Niruhusuni kisa kimoja. Niliitwa kwenye jengo la umma la ghorofa moja, mji sitautaja, ambalo sakafu yake ilikuwa na nyufa zilizonyooka kufuata kila boriti. Jengo halikuwa na miaka mitatu. Nilipogonga kwa nyundo, sehemu kubwa ililia kama mtungi mtupu. Tulichimba kwa tindo kwenye ufa, tukaingiza mtaimbo, na zege la juu likanyanyuka vipande vizima kama chapati kwenye chuma. Nilipogeuza kipande, chini yake palikuwa na alama za mwiko wa fundi, zimejichora kama kwenye kioo. Vipimo vya zege la juu vilikuwa vizuri. Vya boriti vilikuwa vizuri. Saruji haikuibwa, nondo hazikupunguzwa. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mshikamano, na hati zote za ukaguzi zilikuwa na sahihi, kwa sababu hakuna hati iliyokuwa na mstari wa kuuliza kuhusu mshikamano. Hilo bado linaniuma.

Dunia imekwisha kulipa gharama ya viungo duni. Ronan Point, jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London, liliporomoka upande mmoja tarehe 16 Mei 1968 baada ya mlipuko wa gesi kwenye ghorofa ya 18, wakafa watu wanne. Lilijengwa kwa paneli. Lilipobomolewa mwaka 1986, baadhi ya viungo vilikutwa vimejazwa magazeti mahali pa saruji. Kule Armenia, tetemeko la tarehe 7 Desemba 1988 liliua watu wasiopungua 25,000, na kati ya majengo yaliyoanguka vibaya yalikuwamo yale ambayo paneli zake za sakafu hazikufungwa pamoja. Nasi tusijione tuko mbali. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9.

5. Mapendekezo

Michoro ya sakafu hizi iandike wazi "uso wa boriti na paneli ukwaruzwe milimita 3", pamoja na idadi na urefu wa ringi zinazochomoza. Mchoro usiosema hivyo mkaguzi aurudishe.

Boriti yenye mgongo laini ikataliwe pale inapotengenezwa, kabla haijapakiwa. Ikishafika saiti hakuna mwenye ujasiri wa kuirudisha.

Oili chafu ipigwe marufuku kwenye kalibu hizi.

Ringi zilizokatwa zihesabiwe, na zikipungua mhandisi mwenyewe aamue, si fundi. Naongeza kwamba kukata ringi kwa grainda bila ruhusa ya maandishi kuhesabiwe sawa na kukata nondo kuu.

Halmashauri ziongeze kwenye hati ya ukaguzi hatua moja kabla ya kumwaga zege la juu: mifereji imesafishwa, uso umekwaruzwa, umeloa bila dimbwi, ringi zimesimama. Mkaguzi aweke sahihi akiwa amesimama juu ya paneli, si ofisini. Najua upungufu wa wakaguzi na wa magari. Naomba hata hivyo.

Kokoto za zege la juu zisizidi milimita 12, na wavu uinuliwe usilale juu ya paneli. Mirunda isiondolewe kabla zege la juu halijapata nguvu iliyotajwa kwenye mchoro. Siku ya saba, hata pakimwagiliwa vizuri, kwa kawaida huwa limefika theluthi mbili tu. Umwagiliaji uendelee siku saba kamili, Jumapili ikiwemo.

Orodha ya gharama za kazi iwe na kifungu chake cha kusafisha na kulowanisha uso. Kazi isiyolipwa haifanyiki, na tusimlaumu mkandarasi kwa kuacha kazi ambayo hatukuiandika.

Vyuo vya ufundi vifundishe kwamba pana nyuso zinazotakiwa kuwa nyororo na nyingine zinazotakiwa kukwaruza. Narudia hili kwa sababu ndilo mzizi: uso wa boriti ukwaruzwe, zege likiwa bichi.

Sakafu zilizokwisha kujengwa kwa mfumo huu kwenye shule na zahanati zigongwe kwa nyundo, chumba kwa chumba, zianze zile zenye nyufa zinazofuata boriti. Nyundo haina gharama. Panapolia utupu, mzigo upunguzwe, mirunda irudishwe chini, na mhandisi aitwe.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa ya meza iliyo karibu na mlango. Nimeleta vipande viwili vya boriti vya sentimita 40, vimemwagwa siku moja kwa mchanganyiko mmoja, kimoja kimepitishwa mwiko na kingine brashi, na juu ya kila kimoja pana zege la milimita 50 lenye siku 28. Tindo na nyundo vipo pembeni. Wakati wa chai, naomba wakaguzi waanze na kile cha mwiko.