Mikono Minne, Mgonjwa Mmoja: Kumtunza Mtoto Mdogo Mwenye Homa ya Mafua Mtaani Donholm

Mada kwa semina ya wazazi na walezi wa watoto wadogo



Nimeombwa kuzungumzia namna ya kumtunza mtoto mdogo aliyeshikwa na homa ya mafua. Swali la kwanza huwa ni dawa gani apewe. Naomba niliweke kando kwa dakika chache, tuitazame kwanza siku nzima ya mtoto huyo, maana hapa kwetu hatari nyingi huanzia huko.

Chukueni mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeishi fleti upande wa Savannah, hapa Donholm. Usiku kucha amekohoa, na mwili unachemka. Saa kumi na moja alfajiri mama anampa dawa ya kushusha joto, kisha anatoka mbio apate matatu kabla Jogoo Road haijajaa. Saa moja baba anamfikisha dei kea na kumkabidhi kwa mlezi pamoja na mkoba, na ndani ya mkoba imo chupa ya dawa. Saa mbili mlezi anamgusa, anaona joto, anampa kipimo kingine. Mchana msichana wa kazi anamchukua, anapitia kwa kemisti, anauziwa dawa ya maji ya mafua na kumnywesha. Mama akirudi usiku anamkuta amelegea, naye anashika kijiko.

Mikono hiyo minne yote ina mapenzi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuona ugonjwa mzima. Mama hajui kwamba mchana mtoto alikataa uji. Mlezi hajui dawa ilitolewa saa ngapi. Na hakuna aliyesoma kwenye karatasi ya ile dawa ya mafua kwamba nayo ina parasetamoli, kitu kilekile kilichomo kwenye ile chupa ya kwanza.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, baada ya saa nne hadi sita, na isizidi mara nne katika saa 24. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Dawa ya maji iliyo nyingi madukani ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo kipimo kimoja cha mililita 5 kinamtosha. Lakini yapo pia matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Mlezi akiyamimina hayo kwa kipimo cha mililita 5, amempa mtoto miligramu 500. Parasetamoli ikizidi huumiza ini, nalo ini halilii likasikika, dalili huchelewa. Tupime kwa kikombe kilichokuja na chupa au kwa sirinji isiyo na sindano. Vijiko vya chai havilingani ukubwa. Na aspirini asipewe mtoto kabisa akiwa na mafua, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Hoja yangu ni hii. Watoto wengi hupona homa ya mafua bila dawa ya kuitibu. Joto hudumu siku tatu au nne, na kikohozi hukawia. Wachache huzidiwa, hasa walio chini ya miaka miwili, waliozaliwa kabla ya wakati, na wenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu. Hawa huokolewa na mtu aliyeona mapema kwamba leo si kama jana. Kama mtoto wetu anapita mikono minne, basi lazima habari zake zipite pamoja naye.

Naomba kila mtoto mgonjwa atembee na daftari dogo ndani ya mkoba, hata liwe la kurasa chache. Kila anayempokea aandike saa: dawa gani imetolewa na kiasi gani, amenyonya au kunywa nini, nepi imelowa mara ngapi, joto ni kiasi gani kama kipimajoto kipo, anapumua mara ngapi kwa dakika. Mama aliye kazini atumiwe picha ya ukurasa huo kwa simu. Nimekaa na wazazi kliniki wakijaribu kukumbuka mtoto alikojoa lini mara ya mwisho, na najua jibu hilo lina uzito gani kwa daktari.

Pumzi ndiyo ya kutazamwa kuliko yote. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, pandisha fulana yake, utazame kifua na tumbo, uhesabu kwa dakika nzima ukiangalia saa ya simu. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ambayo mzazi yeyote anaweza kuikariri: kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni kasi mno, miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi, mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Tazama pia chini ya mbavu. Sehemu hiyo ikididimia ndani kila anapovuta pumzi, au akitoa sauti ya kuguna, usingoje asubuhi. Rangi nayo itazameni ulimini na kwenye ufizi, kwa kuwa kwenye ngozi yetu nyeusi mashavu hayaonyeshi mapema upungufu wa hewa.

Zipo dalili nyingine za kumtoa nyumbani saa hiyohiyo, iwe ni kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au kituo kilicho karibu zaidi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea na haamki vizuri, nepi imekaa kavu saa sita au zaidi, au amepata degedege. Degedege likimjia, mlazeni ubavu, mwekeni mbali na vitu vigumu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 apelekwe hospitali bila kujaribu dawa yoyote kwanza.

Baridi ya Juni hadi Agosti hapa Nairobi inatufanya tukosee kwa nia njema. Tunamvika mtoto fulana tatu, marvin na blanketi wakati mwili wenyewe unatafuta pa kutolea joto. Nguo moja nyepesi na shuka vinamtosha. Madirisha tunayafunga, na watu watano wanalala chumba kimoja wakivuta hewa ileile aliyokohoa mmoja wao, acheni upenyo. Zaidi ya yote, nawasihi jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku. Gesi yake haina harufu, na inaua familia nzima usingizini. Kumfukiza mtoto kwa beseni la maji moto chini ya blanketi pia tuache. Nimeona mapaja yaliyoungua kwa sababu ya mafua ambayo yangeisha yenyewe.

Pua iliyoziba inafunguka kwa matone ya maji ya chumvi ya kununua kemisti, dakika chache kabla ya kunyonya. Maziwa ya mama yaendelee, mara nyingi na kidogo kidogo. Asali inatuliza kikohozi cha aliyetimiza mwaka, lakini aliye chini ya hapo haruhusiwi hata tone, kwa kuwa vijidudu vinavyoweza kuwemo humpooza. Antibayotiki haiui virusi, hata jirani akisema ilimsaidia wa kwake.

Kuna jambo moja la mtaa wetu ambalo vitabu vya nje havitalitaja. Nairobi malaria ni chache, kwa hiyo joto la mtoto hapa tunalihukumu haraka kuwa ni mafua. Lakini watoto wetu huenda kwa nyanya zao likizoni, Busia, Kakamega, Homa Bay, Kilifi. Aliyerudi kutoka huko wiki chache zilizopita akashikwa na joto, apimwe damu, hata kama kamasi zinamtiririka. Safari hiyo nayo iandikwe kwenye daftari.

Kuhusu chanjo: ile ya kuzuia bakteria ya nimonia, ambayo mara nyingi hufuata nyuma ya mafua, Kenya iliianza mwaka 2011, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kagueni kadi. Ya homa ya mafua yenyewe ilipendekezwa mwaka 2016 na kamati inayoishauri serikali, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, lakini haijaingia kwenye ratiba ya kawaida. Mwenye uwezo anaweza kuilipia hospitali za binafsi, na kwa mtoto mwenye pumu ningesema ajitahidi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi ruhusa ya ugonjwa anapougua yeye mwenyewe. Mtoto wake akiugua, haina siku aliyotengewa. Ndiyo sababu mama yule wa Savannah alitoka alfajiri. Simlaumu, na naomba wakubwa wa kazi waliomo humu walifikirie hilo kabla hawajamkata mtu mshahara wa siku moja.

Mtoto arudi dei kea akishakaa saa 24 bila joto, na bila dawa ya kulishusha. Kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki mbili, na peke yake hakimzuii. Ila daftari lirudi naye, maana siku hizo ndizo nimonia huingia. Joto lililokuwa limeondoka likirudi siku ya tano au ya sita, na kikohozi kikazidi, huo si mwendelezo wa mafua yaleyale, na mtoto huyo aonwe na daktari siku hiyohiyo.