Daftari la Viboko
Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko katika shule za Tanzania zinaruhusu visivyozidi 4, tena kwa kosa kubwa. Hiyo namba wengi tunaijua. Tusilouliza ni daftari: kila adhabu lazima iandikwe, jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na mwalimu aliyechapa, kisha mkuu wa shule atie saini.

Kwenye kikao cha wazazi, liulizeni. Huenda majina ni yale yale: watoto wanaotoka mbali wakachelewa, wasio na sare, ilhali mtoto wa mjumbe wa kamati ya shule kaonywa tu kwa kosa hilo hilo. Na likiwa tupu, huku fimbo zimejaa ofisini? Muulizeni mkuu, kwa heshima, mbele ya wote.